Harufu ya Jirani Yetu

Kuna mambo ambayo watu wote wanayajua, lakini hakuna anayependa kuyataja. Harufu ya mwili ni mojawapo. Tunazungumza juu ya njaa, juu ya vita, juu ya mahari na juu ya wivu. Lakini juu ya harufu ya kwapa tunacheka tu, ama tunanyamaza, ama tunasogea pembeni. Hata hivyo jambo hilo linaloonekana dogo linaleta makosa makubwa kati ya Wakristu. Tutasimulia kwanza kosa letu sisi wenyewe. Kisha tutauliza maswali matatu: Harufu ya mwili inatoka wapi? Je, kunuka ni dhambi? Na jirani anaponuka, mapendo yanatuamuru nini?

Kosa letu

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukifundisha wakatekumeni katika kapela moja kandokando ya ziwa Tanganyika. Siku moja fundisho lilikuwa juu ya mwili wa mtu, ambao Mtume Paulo anauita hekalu la Roho Mtakatifu. Tulifundisha juu ya ulevi, tukafundisha juu ya uzinzi, na mwisho tukaongeza maneno juu ya usafi. Tulisema kwa sauti kubwa kwamba mtu anayeingia nyumbani mwa Mungu akinuka anamdharau Mungu, maana mbele ya mkubwa wa serikali asingethubutu kufika hivyo. Watu walicheka. Nasi tulifurahi, tukidhani kwamba fundisho limeingia vema.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekaa sikuzote karibu na mlango. Siku ile aliondoka kabla ya sala ya mwisho. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Tulifikiri kwamba amechoka na masomo, kama wengine wanavyochoka. Ndipo mama mmoja mzee wa shirika akatujia jioni, akakaa, akasema:

— Mwalimu, yule mama hakuchoka na neno la Mungu. Yeye ni mgonjwa. Alishikwa na uchungu siku tatu, mtoto akazaliwa mfu, na tangu siku ile mkojo unamtoka bila yeye kuuzuia. Mume amemrudisha kwao. Anaoga mara nne kwa siku. Anafua vitambaa vyake usiku ili watu wasivione. Katika kijiji kizima hakuna anayeoga kumpita yeye.

Tulikosa la kujibu. Mtu aliyejitahidi kwa usafi kutupita sisi sote, ndiye tuliyemfukuza kwa ajili ya uchafu. Na tulimfukuza kwa jina la Mungu. Tangu siku ile tumelitafakari sana jambo hili, na matunda ya mafikiri yetu ndiyo haya.

I. Harufu inatoka wapi?

Kwanza tuseme jinsi Mungu alivyouumba mwili. Katika ngozi ya mtu mna tezi za jasho, yaani vifuko vidogo sana, kati ya milioni 2 na milioni 4. Kazi ya tezi nyingi ni kutoa maji yenye chumvi ili mwili upoe wakati wa joto au wa kazi. Bila jasho mlimaji angeanguka shambani kabla ya saa sita. Jasho basi si uchafu; ni dawa ya joto ambayo Muumba aliiweka ndani yetu.

Tena kuna tezi za namna ya pili. Hizo ziko hasa kwapani na sehemu za siri. Zinalala wakati wa utoto, na zinaamka kijana anapobalehe. Jasho lake ni zito zaidi, lina mafuta na vitu vingine ndani yake. Lakini tufahamu vema: hata jasho hilo linapotoka halina harufu kubwa. Juu ya ngozi ya kila mtu, awe tajiri au maskini, wanaishi vijidudu ambavyo macho hayawezi kuviona, nao huitwa bakteria. Hivyo vinakula jasho lile, na vinapolivunjavunja ndipo harufu inapotokea. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita anaweza kukimbia mchana kutwa naye asinuke kama kaka yake wa miaka kumi na minne. Na ndiyo maana shati lililolowa jasho likikunjwa bila kufuliwa, kesho yake hunuka kuliko leo: vijidudu vimepata muda wa kula.

Wataalamu walivumbua jambo lingine mwaka 2006. Waliona kwamba sehemu moja ndogo ya urithi tunaopewa na wazazi ndiyo inayoamua kama nta ya masikio itakuwa majimaji au kavu. Na baadaye ilionekana kwamba sehemu hiyohiyo ndiyo inayoongoza harufu ya kwapa. Watu wengi sana wa Korea, wa Uchina na wa Japani wana nta kavu, na makwapa yao hayanuki sana. Watu wengi wa Afrika, na watu wengi wa Ulaya vilevile, ni wa namna ile nyingine. Basi tazameni: babu zetu walitukanwa na baadhi ya Wazungu kwamba Mweusi ananuka. Kumbe katika jambo hili Mungu aliwaweka Mweusi na Mweupe upande mmoja! Tusi lile halikuwa elimu. Lilikuwa majivuno tu. Kila kabila linalomcheka kabila lingine kwa ajili ya harufu lapaswa kukumbuka hayo.

Harufu ya mwili ina kazi njema pia. Mtoto mchanga, ambaye macho yake hayajaona vema, analitambua ziwa la mamaye kwa harufu. Mama naye anatambua harufu ya mtoto wake. Kwa hiyo harufu ni kama jina la kwanza ambalo mtu anapewa kabla ya kupewa jina kwa maneno. Hatuwezi kuiita mbaya kwa yenyewe, maana katika Kitabu cha Mwanzo Mungu alitazama yote aliyoyafanya, akaona ni mema.

Jambo la mwisho la sehemu hii ndilo kubwa kuliko yote. Pua ya mtu inazoea upesi. Ukiingia katika nyumba ya moshi, utasikia moshi. Ukikaa humo kidogo, husikii tena. Na harufu ya mwili wako mwenyewe unakaa nayo mchana na usiku, kwa hiyo huisikii vema. Anayenuka mara nyingi hajui. Hakuficha, hakudharau: hajui tu.

II. Je, kunuka ni dhambi?

Seminarini tulifundishwa kufuata Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwamba tendo la mtu haliwi dhambi ikiwa utashi wake haumo. Tukikubali neno hilo, basi hatuwezi kutoa hukumu moja kwa harufu zote. Yafaa tutenge aina nne.

Ya kwanza ni harufu ya asili. Hiyo ni ya kila mwana wa Adamu, na hakuna dhambi ndani yake, kama vile hakuna dhambi katika kuwa mfupi au mrefu.

Ya pili ni harufu ya kazi. Mchomaji wa makaa ananuka moshi. Muuza ndagala ananuka ndagala. Mpakizi wa bandarini ananuka jasho. Mama anayewalea wagonjwa ananuka dawa na matapishi. Harufu hiyo si dhambi, bali ni heshima. Mwaka 2013, katika Misa ya kubariki mafuta, marehemu Papa Fransisko aliwaambia mapadri wawe wachungaji wenye harufu ya kondoo wao. Kama harufu ya kondoo ni heshima kwa mchungaji, harufu ya samaki ni heshima kwa mama anayelisha watoto sita kwa samaki hao. Hata Mitume wa kwanza walikuwa wavuvi, nao waliitwa wakiwa kazini pamoja na nyavu zao.

Ya tatu ni harufu ya ugonjwa, kama ile ya mama tuliyemtaja. Kuna kidonda kisichopona, kuna jino lililooza, kuna ugonjwa wa pua, kuna ugonjwa wa sukari unaoibadili harufu ya pumzi. Hapo hakuna dhambi ya mgonjwa. Ikiwa dhambi iko, ni ya sisi tunaosogea badala ya kusaidia.

Ya nne ni harufu ya uzembe. Mtu ana maji, ana sabuni, ana nafasi, lakini anaona uvivu. Anavaa shati moja juma zima, kisha anajibana na wenzake katika gari au katika benchi ya kanisa. Huyo anakosa. Kosa lake kwa kawaida si kubwa, lakini ni kosa dhidi ya mapendo, maana anawalazimisha wengine kubeba mzigo ambao yeye angeweza kuuondoa kwa ndoo moja ya maji.

Basi, kati ya aina nne, tatu hazina kosa, na ya nne ina kosa dogo. Lakini sisi tunafanya nini? Tunaziweka zote nne katika kapu moja na kuliita «uchafu». Pua inatuambia tu kwamba harufu iko. Haituambii imetoka wapi. Anayehukumu roho ya jirani kwa pua yake ni kama hakimu anayefunga mtu bila kumwuliza neno.

Mtu aweza kusema: «Lakini watakatifu wengine hawakuoga, nao wako mbinguni. Kwa nini basi tujitaabishe na sabuni?» Ni kweli kwamba Mtakatifu Benedikto Yosefu Labre, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1748 na kufa Roma mwaka 1783, aliishi kama mwombaji, mwenye matambara na chawa. Na Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1881. Twajibu: Kanisa halikumtukuza kwa sababu ya chawa wake, bali kwa sababu ya sala yake, umaskini wake na upole wake kwa maskini wenzake. Wengi waliomkimbia Roma kwa ajili ya harufu hawakujua ni nani waliyemkimbia. Hilo ndilo fundisho lake kwetu, wala si kuacha sabuni. Wala Kanisa halikuchukia kuoga. Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyekuwa Papa kutoka mwaka 590 hadi 604, alisikia kwamba watu fulani wanakataza kuoga siku ya Jumapili. Aliwajibu kwamba kuoga kwa haja ya mwili hakukatazwi hata siku hiyo. Naye Mtakatifu Benedikto katika Kanuni yake aliagiza wagonjwa waogeshwe kila mara inapofaa. Na Bwana wetu mwenyewe, alipofundisha juu ya kufunga, aliagiza mfungaji anawe uso na kujipaka mafuta kichwani, ili watu wasione kwamba amefunga.

Mtu mwingine aweza kusema kinyume: «Mwenye mwili mchafu, hata roho yake ni chafu.» Huyo naye anakosea. Mafarisayo walinung'unika kwa sababu wanafunzi wa Yezu walikula bila kunawa kama desturi ilivyotaka, naye aliwajibu kwamba kinachomtia mtu unajisi hutoka moyoni: mawazo mabaya, wizi, uuaji, uzinzi, uwongo. Neno hili halituruhusu kula na mikono michafu. Kipindupindu kimetufundisha vya kutosha katika vijiji vya ziwa. Lakini linatuonya tusifanye sabuni kuwa sakramenti. Kuna mtu anayenukia manukato ya bei kubwa, na mikononi mwake mna machozi ya wajane.

III. Usafi na majivuno

Katika nchi yetu jambo hili lina historia, nasi hatuna budi kuikumbuka. Tangu mwaka 1911 kampuni ya Mwingereza Lever ilipewa mashamba makubwa ya michikichi katika Kongo ili mawese yaende Ulaya kutengeneza sabuni. Watu wengi walilazimishwa kupanda michikichi na kuangua matunda, nao hawakupata sabuni ile ila kwa taabu. Baadaye, mwaka 1952, serikali ya Ubelgiji ilitoa sheria ya kuwaandikisha Wakongo waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Aliyeomba alichunguzwa, na wakaguzi walifika hata nyumbani kwake kutazama jinsi anavyoishi na jamaa yake. Hivyo usafi, ambao ni zawadi kwa mwili na kwa jirani, ulifanywa kuwa ngazi ya kumpandisha mmoja na kumshusha mwingine.

Ngazi ile iliondoka pamoja na ukoloni, lakini moyoni mwa wengi ingali imesimama. Twaona jinsi mtu wa mji anavyomtazama mtu wa kijiji. Jinsi mwenye bomba uani anavyomtazama anayeteka mtoni. Jinsi wakaaji wa zamani wanavyosema juu ya wakimbizi wa vita waliofika jana, ambao wanalala watu kumi katika chumba kimoja. Je, wakimbizi hao wachague nini kati ya sabuni na unga? Bidoni moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mara nyingi inabebwa na msichana ambaye angepaswa kuwa shuleni. Anayehubiri kuoga na aulize kwanza: maji yako wapi, na nani anayachota? Nasi hatukuuliza hivyo siku ile kapelani.

Mtume Yakobo aliliona jambo hili zamani. Aliwakemea Wakristu waliompa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri, na kumwambia maskini mwenye nguo chafu asimame kando au aketi chini miguuni. Hakusema kwamba nguo chafu ni nzuri. Alisema kwamba Mungu hana upendeleo, na kwamba mwenye kupendelea hivyo anatenda dhambi. Kwa hiyo kati ya yule anayenuka na yule anayesogea kwa dharau, mara nyingi wa pili ndiye anayehitaji kwenda kuungama.

IV. Mapendo yanatuamuru nini?

Mapendo yanatuamuru mambo mawili: moja juu ya mwili wetu wenyewe, na moja juu ya jirani.

Juu ya mwili wetu: kwa kuwa hatuwezi kusikia harufu yetu wenyewe, tusingoje pua itushtaki, tushike desturi ya kila siku. Maji mengi si lazima. Lita tano kwa kopo na sabuni zatosha kwa mtu mmoja, akianza na uso, kisha makwapa, kisha sehemu za siri, na mwisho miguu. Miguu na ikaushwe vema katikati ya vidole. Nguo za ndani na soksi zibadilishwe kila siku, nazo zianikwe juani. Meno yasafishwe asubuhi na kabla ya kulala, na ulimi vilevile. Kunyoa nywele za kwapa kunasaidia wengine. Mama zetu wasiingize sabuni wala dawa za miti ndani ya mwili, maana ndani Muumba ameweka njia yake ya kujisafisha, na dawa hizo zinaleta magonjwa. Anayependa manukato na ayatumie baada ya kuoga, si badala ya kuoga. Manukato juu ya uchafu ni kama chokaa juu ya kaburi. Na wazazi wasingoje mtoto achekwe shuleni. Binti anapofikia miaka kumi au kumi na miwili, mama au shangazi amwambie kwa upole kwamba mwili wake sasa unabadilika. Mvulana naye aambiwe na baba au mjomba. Wengi wamebeba haya ya miaka mingi kwa sababu nyumbani hakuna aliyewaambia neno moja.

Juu ya jirani: je, tumwambie au tunyamaze? Wengi hunyamaza wakidhani huo ndio upole. Lakini wakinyamaza mbele yake, hawanyamazi nyuma yake. Huo si upole. Bwana wetu alituonyesha njia: ndugu yako akikosa, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Mtakatifu Thoma anafundisha kwamba kumwonya ndugu ni tendo la mapendo. Ikiwa njia hiyo yafaa kwa dhambi, yafaa zaidi kwa jambo lisilo dhambi, lenye kuleta haya tu.

Basi tufanyeje? Kwanza tujiulize kama ni kazi yetu kusema. Mara nyingi rafiki au ndugu wa karibu anafaa kuliko mkubwa. Mwanamume amwambie mwanamume, na mwanamke amwambie mwanamke. Tuseme faraghani, si barazani. Tuulize kabla ya kushauri: «Ndugu yangu, afya yako iko namna gani siku hizi? Maji mnapata?» Labda tutasikia habari ambayo hatukuitegemea. Tena tusiende mikono mitupu: kipande cha sabuni kinasema vizuri kuliko maneno mengi. Na mwisho, tukubali na sisi kuambiwa. Ukiambiwa na rafiki kwamba unanuka, usikasirike. Amekupa kitu ambacho pua yako haikuweza kukupa.

Hapa twaona siri kubwa ya maisha ya roho. Kama pua inavyozoea harufu ya mwili wetu, ndivyo dhamiri inavyozoea dhambi zetu. Mwenye majivuno hayasikii majivuno yake. Bahili anajiona mwangalifu. Nasi siku ile, tulipokuwa tukifundisha juu ya harufu ya watu, hatukusikia harufu ya kiburi chetu. Ikabidi mama mzee asiye na masomo aje atuambie. Nyani haoni kundule, walisema wazee. Ndiyo maana Mungu hakutuweka kila mtu peke yake, bali alitupa jirani.

V. Yeye asiyerudi nyuma

Tumtazame sasa Yezu Kristu. Alizaliwa mahali penye hori la wanyama. Aligusa wakoma. Alipofika kaburini kwa Lazaro, Marta alimwonya kwamba maiti ya siku nne imekwisha kunuka. Lakini yeye aliagiza jiwe liondolewe. Usiku wa mwisho alichukua maji na kitambaa, akaosha miguu ya watu waliotembea katika vumbi. Hakuwahubiria kwanza juu ya miguu yao, aliinama.

Na kulikuwa na mwanamke mmoja aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Kwa Sheria ya Musa alihesabiwa kuwa najisi, na kila alichokikalia kilikuwa najisi. Alikuja kwa nyuma, akigusa vazi tu, kwa sababu aliona haya. Yezu angeweza kumponya na kumwacha aende zake kimya. Lakini alimwita mbele ya wote, akamwita binti. Maana ugonjwa ulimtoa damu, lakini watu walimtoa katika jamaa. Na Yezu alitaka kumrudishia yote mawili.

Katika majimbo yetu wako mama wengi kama yule, na kama yule tuliyemwumiza sisi. Ugonjwa wao unaitwa fistula. Mara nyingi unatokana na uzazi uliokwama muda mrefu bila msaada wa mganga. Na katika mashariki ya nchi yetu unatokana pia na ukatili wa watu wenye silaha. Si laana, wala si malipo ya uzinzi. Ni tundu lililotoboka ndani ya mwili, na mara nyingi madaktari wanaweza kulishona. Hospitali ya Panzi katika Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, imewatibu maelfu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mgonjwa hawezi kusema mahali ambapo anachekwa. Kicheko chetu ndicho kinachomziba kinywa.

Tulikwenda nyumbani kwa wazazi wa yule mama pamoja na mama mzee wa shirika. Tuliomba msamaha. Hakusema neno kwa muda mrefu, kisha akasema:

— Mwalimu, mimi nilijua kwamba nanuka. Nilikuwa sijajua kwamba hata Mungu amechukizwa.

Neno hilo bado linatuchoma. Shirika lilichanga nauli, na mama mzee akamsindikiza hospitalini. Alipasuliwa mara mbili. Mara ya kwanza haikutosha. Aliporudi aliendelea na masomo, na usiku wa Pasaka alibatizwa. Padri alimpaka Krisma, yale mafuta matakatifu yaliyochanganywa na manukato, ambayo tulipakwa sisi sote tulipothibitishwa, mwenye ndagala na mwenye duka, ili kila mmoja awe harufu nzuri ya Kristu, kama Mtume Paulo alivyowaandikia Wakorinto.

Hata leo anakaa karibu na mlango. Tulimwuliza kwa nini hasogei mbele, kwa kuwa amepona. Alijibu kwamba mtu mwenye haya akija, ataketi pale pale, naye anataka amkute mtu.

Wasomaji wapenzi, katika Misa ya riti yetu ya Zaïre, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, tunapeana amani mara tu baada ya kuomba toba. Jumapili hii, mkisha kuomba msamaha wa dhambi zenu, mgeuke mtazame benchi iliyo tupu. Mwulizeni aliyeketi huko peke yake jina lake ni nani, mketi karibu naye, mkampe mkono. Na Jumamosi jioni, kabla ya hayo, ogeni.